Wiki nane za kujiandaa kwa IELTS: anza na kuandika

Watahiniwa wengi wa Nairobi wamefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, basi huichukulia kirahisi IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Kuzungumza huenda vizuri. Alama hupotea kwenye kuandika.

Una dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili 250. Ya pili ina uzito maradufu, kwa hivyo ipe dakika 40. Kosa linaloumiza zaidi ni kukariri insha. Swali likikuuliza kama unakubaliana na hoja, nawe ukaorodhesha faida na hasara, umetoka nje ya swali, hata sarufi iwe safi vipi.

Andika insha tatu kila wiki ukijipimia muda. Zikisahihishwa, ziandike upya zote. Tafadhali usiiruke hatua hii. Ndiyo inayopandisha alama.

Kusoma ni maswali 40 kwa saa moja. Kwenye kusikiliza, sauti huchezwa mara moja tu, kwa hivyo usizoee kuirudisha nyuma, wala usifanyie zoezi hili ndani ya matatu yenye muziki.

Kabla ya kulipa, uliza chuo kinataka aina gani ya mtihani, Academic au General Training: kazi ya kwanza ya Academic ni kueleza chati au mchoro, ya General Training ni barua.