Naomba Uniandikie

Ramadhani ya 2022 iliingia mwanzoni mwa Aprili, na masika nayo yakaingia mumo humo. Msimu huo hoteli za Kiwengwa, huku Unguja, hulala. Vibarua wengi washaambiwa wasubiri Juni, na sisi tuliobaki tunabebeshwa kazi za walioondoka. Mimi nilikuwa mapokezi, zamu ya asubuhi, natoka saa 10 jioni kuwahi gari ya wafanyakazi ya kurudi mjini. Gari hiyo ikikupita umebaki na daladala ya 117, na anayezijua gari za shamba anajua kwamba mwezi wa Ramadhani, jioni ikishaingia, dereva na konda nao wanawahi futari kwao.

Mkuu wa idara yetu alilijua hilo vizuri. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Lau angekuwa hivyo, nadhani tungemshitaki mapema. Yeye alikuwa wa kutabasamu. Atakwita gari ikiwa inawashwa moto, akuulize jambo ambalo angeliweza kukuuliza asubuhi. Usiku watu wakitoka tarawehe, anatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: taulo lililokunjwa vibaya, kikombe kilichosahauliwa, na chini yake, "Nani alikuwa zamu hapa?" Usipojibu, kesho unakuta zamu yako imehamishwa. Shoga yangu wa vyumbani alikuwa halali ila simu iko chini ya mto.

Binamu yangu wa Dar es Salaam nilipomsimulia akaniambia nimpeleke bosi CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Nikamwambia CMA ni ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano. Sisi tuna Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na Kamisheni yetu ya Kazi. Akacheka: "Kumbe hata kuonewa kazini kuna Bara na Visiwani!"

Aliyenifaa alikuwa mzee wa stoo, Mpemba wa Konde, aliyewahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kile kijitabu cha kanuni ulichotia saini siku ulipoajiriwa, kiko wapi?"

Kilikuwa kabatini kwangu, hakijafunguliwa tangu siku hiyo. Nilikisoma nikisubiri daku. Sehemu kubwa ni habari za kucha, sare na manukato. Lakini palikuwa na kifungu cha zamu: mabadiliko yatolewe kwa maandishi na yatiwe saini na mkuu wa idara, isipokuwa pakiwa na dharura. Asubuhi nikamwonesha yule mzee. "Basi usigombane naye," akasema. "Wala usimkatalie. Mwombe aandike."

Siku yenyewe ilikuja katika kumi la mwisho. Nimeshika mkoba, mlinzi keshafungua geti, nikaitwa. "Wewe leo baki. Kuna kundi linaingia usiku." Orodha ya wageni wanaoingia nilikuwa nimeichapisha mwenyewe mchana, haikuwa na kundi.

"Sawa, bosi," nikasema. "Naomba uniandikie kwenye rosta na utie saini, nami nitabaki."

"Unanifundisha kazi?"

"La, bosi. Ni kanuni ya hoteli."

Akanitazama, akaitazama rosta, kalamu asiishike. Nikasubiri kidogo, nikamuaga, nikatoka. Miguu ilinitetemeka mpaka ndani ya gari. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wote walikuwa wamesikia.

Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza: nimekaidi amri halali ya mkuu wangu wa kazi. Jibu langu la kwanza lilijaa kurasa mbili, na humo nilimmaliza. Mzee wa stoo akachukua kalamu akafuta kila nilipomsifia ubaya wake. "Hili la kiburi, una shahidi? Hili la roho mbaya, utalithibitisha vipi?" Ikabaki nusu ukurasa: tarehe, saa, alichosema, nilichojibu, waliokuwapo, kifungu cha zamu. Nikaambatanisha nakala ya rosta na ile orodha ya wageni. Mwisho nikaongeza ombi langu mwenyewe, kwamba jambo la dharura baada ya zamu nipigiwe kutoka simu ya mapokezi, kwa sababu kundi la WhatsApp nitakuwa nalisoma nikiwa kazini tu.

Kikao hakikuchukua muda. Ofisa utumishi alisoma, akamgeukia: "Ulimwandikia?"

"Ilikuwa dharura."

"Dharura gani?"

"Kundi."

"Kundi gani?"

Barua ilifutwa. Radhi hakuombwa mtu, na mkuu wangu akaacha kunijibu salamu, jambo ambalo mwezi ule si dogo. Idi mosi na Idi pili nikapangiwa kazi. Safari hii ilikuwa imeandikwa, imetiwa saini, kama kanuni inavyotaka. Nikaenda.

Lakini habari zikaenea. Watu wakaanza kunifuata na mikataba yao ndani ya mifuko ya plastiki. Mmoja wa jikoni, mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliopita na yeye hana habari. Kisha akaja mama anayefagia mwani ufukweni. Hana mkataba, hana kijitabu, analipwa mkononi. "Na miye, mwanangu, nimwambie aniandikie kwenye nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimuuliza kama anakatwa pesa ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, maana hiyo nayo ni ushahidi kwamba mtu ameajiriwa. Akasema kila mwezi anakatwa, mlipaji ndiye anayemwambia. Siku ya mapumziko yetu tukaenda pamoja mjini kuuliza. Jina lake halikuwamo. Barua ya pili niliyoiandika mwaka ule ilikuwa yake.