Maneno Matano ya Ukurasa wa Mbele

Alinijia mezani asubuhi na gazeti la siku tatu nyuma, limekunjwa mara nne, kidole gumba kikiwa juu ya neno "kodi". Ni mama aliyekuwa akifanya usafi ofisini kwetu, wa rika la mama yangu mzazi, na kwa miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu kazi yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba upesi upesi, kisha akasema, "Mwanangu, hii arobaini wataanza kutukata lini?"

Kichwa kile cha habari nilikiandika mimi.

Zilikuwa zimesalia wiki tatu watu wapige kura. Chama kimoja cha upinzani kilikuwa kimezindua ilani yake, kitabu cha kurasa zaidi ya 80, na mwandishi wetu alirudi chumba cha habari na habari ndefu yenye kila kitu ndani: shule, maji, hospitali, na katikati yake kipengele cha kodi ya mapato. Kipengele chenyewe hakikuwa na fumbo. Kiwango kipya cha asilimia 40 kingetozwa kwenye ile sehemu tu ya mapato inayozidi kima cha juu sana, kima ambacho wafanyakazi wachache mno walikifikia. Chini ya hapo hakuna kilichobadilika. Nilikisoma mara mbili, nikakielewa. Nalisema hili kwa sababu watu wengi hudhani habari hupotoka pale mwandishi asipoelewa jambo, au anapohongwa. Mimi nilielewa, na hakuna aliyenipa hata senti. Nilikuwa na nafasi ya maneno matano, mtambo wa kuchapa unasubiri, na mhariri wa zamu amesimama nyuma ya kiti changu akitaka kichwa kinachouza. Nikaandika: "Kodi kupanda hadi asilimia 40".

Kila neno lilikuwa na pa kuegemea ndani ya ilani. Nani hasa angeilipa kodi hiyo, hilo lilikuwa aya ya saba, ukurasa wa ndani.

Asubuhi yake redio zilisoma magazeti kama zilivyozoea, yaani zilisoma vichwa. Jioni mgombea wa chama tawala akalinyanyua gazeti letu jukwaani, akawaambia watu kwamba si yeye anayesema, ni gazeti linasema. Televisheni zikaionyesha picha ile usiku kucha. Kesho yake msemaji wa upinzani akaitwa studio, na swali likawa moja: mtapandisha hadi 40 au hampandishi, ndiyo au hapana? Nilimwangalia akihangaika. Akisema ndiyo, amekwisha. Akisema hapana, ataitwa mwongo. Jibu la kweli lilihitaji dakika moja na nusu, naye alianza vizuri, "Sehemu ya mapato inayozidi...", akakatizwa.

Ndivyo swali lilivyomfikia yule mama akiwa na gazeti mkononi. Nilivuta karatasi nikachora vikombe vitatu. Nikamwambia: mama, chukulia fedha yoyote ile, mshahara ni maji, tunaanza kumimina. Kikombe cha kwanza kinabeba 100, hicho hakikatwi kitu. Kikijaa, maji yanamwagikia cha pili, mpaka yafike 400, na katika hayo ya kikombe cha pili tu wanachota asilimia 20. Yakizidi 400 yanaingia cha tatu, na huko ndiko iliko hiyo asilimia 40. Anayepata 450 ana 50 tu ndani ya kikombe cha tatu. Atakatwa 20 humo, na 60 katika kile cha pili, jumla 80. Hawatamkata 180.

Aliinama juu ya karatasi, akafuatisha kwa kidole kutoka kikombe hadi kikombe. "Mimi kikombe changu ni hiki," akasema, akagusa cha pili. "Hata nusu sijafika." Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia usoni. "Sasa mbona hamkuandika hivi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwomba anisubiri, nikanakili vikombe vile kwenye karatasi nyingine na kumpelekea mhariri, nikaomba tuvichapishe ukurasa wa mbele, pale pale pa kile kichwa. Aliniambia habari hiyo imeshapoa, sasa watu wanataka kujua nani anaongoza. Tukaishia masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa sita. Ningeweza kung'ang'ania zaidi. Sikung'ang'ania, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Siku mbili baadaye chama kile kilitangaza kwamba kipengele "kinapitiwa upya", na mgombea wao hakukitaja tena hadi siku ya kura. Ndani ya chama, niliambiwa na mmoja wao, waliokaa miezi kuandaa hesabu zile ndio waliobebeshwa lawama. Walioona kaulimbiu inatosha wakapanda daraja.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Daniel Hallin kuhusu habari za televisheni za Marekani. Mwaka 1968 mgombea urais aliachiwa kusema mfululizo kwa wastani wa sekunde 43. Kufikia 1988 zilibaki tisa. Nikamkumbuka yule msemaji. Kisha Mei 2017, nikifuatilia uchaguzi wa Uingereza, niliuona usiku wangu ukijirudia. Chama cha Conservative kilizindua ilani tarehe 18, ikiwa na mpango wa namna wazee watakavyochangia gharama za kutunzwa. Mpango ulikuwa na kasoro zake na ulistahili kujadiliwa. Ila wapinzani na magazeti walikuwa wameshaupa jina, "kodi ya ugonjwa wa kusahau", na jina ndilo lililojadiliwa. Tarehe 22 Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo na kiongozi wa chama hicho, alitangaza kwamba kutawekwa ukomo wa mchango ambao haukutajwa kwenye ilani, huku akisisitiza kuwa hakuna kilichobadilika. Siku nne tu.

Uchaguzi uliofuata kwetu, ilani ya chama kile ililetwa mezani kwangu. Ilikuwa nyembamba, yenye picha nyingi. Nilitafuta ukurasa wa kodi. Palikuwa na sentensi moja: mfumo wa kodi utakuwa wa haki kwa wote.

Yule mama alikuwa bado kazini. Alinikuta naifunua kurasa, akaegemeza ufagio ukutani, akavuta kiti. Ile karatasi ya vikombe alikuwa ameichukua na kwenda kuwaonyesha wenzake, na tangu siku ile alizoea kuniuliza. "Na safari hii kwenye kodi wanasemaje?"

Nilichukua kalamu, nikachora vikombe vitatu. Sikuwa na namba ya kuandika ndani yake.