Ruta mpya kwenye laini ya DSL: kumbukumbu ya mradi, kuanzia soketi hadi PPPoE

Lengo ni modemu ya zamani ibaki na kazi moja tu ya kuongea na waya wa simu, na mengine yote yahamie kwenye ruta mpya: kuingia kwenye mtandao wa kampuni kwa jina na nenosiri (njia iitwayo PPPoE), kugawa anwani, Wi-Fi. Ruta yenyewe haina tundu la DSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu), ina WAN, yaani tundu la kuingizia intaneti, ya Ethaneti peke yake, kwa hiyo modemu haitupwi.

Vilivyo mezani: modemu, ruta, kebo ya Cat5e ya mita 10, waya wa simu wa mita 1.5, vichujio viwili, bisibisi, jina na nenosiri la PPPoE. Pia karatasi yenye namba za VPI na VCI (zinazotambulisha njia ya data kwenye laini) na aina ya ufungashaji wa data, LLC au VC-MUX, zilizonakiliwa kwenye ukurasa wa modemu kabla haijaguswa. Karatasi hiyo usiidharau. Ukishabonyeza kile kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, namba zimekwenda, na hazifanani kila mahali: kuna laini zinazotumia 8/35, nyingine 0/38, nyingine 1/32. Ukikosea, taa ya DSL itawaka vizuri kabisa na intaneti isije.

Siku ya 1: kupima kabla ya kugusa

Ukurasa wa takwimu wa modemu, aina ya laini ADSL2+: kupakua megabiti 9.4 kwa sekunde, kupakia 0.9, upotevu wa mawimbi desibeli 31, nafasi iliyobaki juu ya kelele desibeli 6.1. Makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, yanapanda kama 40 kila dakika.

Hapa wengi husoma vibaya. Ile desibeli 6 haisemi kwamba laini ni mbaya. Mara nyingi modemu imepangiwa kubakiza takriban 6, na ziada yoyote huigeuza kuwa kasi. Upotevu nao unafuata urefu wa shaba kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, hauna dawa ya nyumbani. Cha kutazama ni kasi ikilinganishwa na upotevu: kwa desibeli 31, ADSL2+ kwa kawaida hufika 12 au 13. Tisa na nusu ni pungufu.

Jaribio: kuchomoa kila kitu chenye waya wa simu nyumba nzima, kukata nyaya za ndani zinazoanzia soketi kuu, kisha kuchomeka modemu hapohapo kwenye soketi kuu kwa ule waya wa mita 1.5. Matokeo ni 12.6, na CRC karibu sifuri. Megabiti 3 zilikuwa zinaliwa ndani ya nyumba, na ruta ya bei yoyote isingezirudisha.

Siku ya 2: tawi lililosahaulika

Mwizi ni waya bapa wa mita 24 hivi, unaotoka soketi kuu hadi chumba ambacho hakina simu tena. Mwisho wake uko wazi, shaba imeshaota ukungu wa kijani. Una makosa mawili kwa mpigo. Kwanza haujasokotwa, kwa hiyo ni antena: redio za masafa ya kati, kilohezi 530 hadi 1,600, ziko katikati kabisa ya masafa ya ADSL2+, ambayo hufika megahezi 2.2. Pili, mawimbi huingia kwenye tawi, hugonga mwisho ulio wazi, hurudi na kuwafuta wenzao. Tawi hufuta zaidi masafa ambayo robo ya wimbi lake inalingana na urefu wa tawi. Kwa mita 24 hiyo ni karibu megahezi 2. Tawi la mita 10 lingegonga karibu 5, ambako ADSL2+ haifiki, ila VDSL2, aina ya DSL inayotumia masafa ya juu zaidi, ingeumia.

Tawi limekatwa pale kwenye soketi, nyaya zote mbili. Kuchomoa simu upande wa pili pekee hakusaidii kitu, maana waya bado umening'inia kwenye laini.

Vichujio: sauti ya simu iko chini ya kilohezi 4, DSL inaanzia karibu 26, na kichujio kinazuia hayo ya juu yasiingie kwenye simu. Kila simu, faksi au king'ora kilichofungwa kwenye laini kinahitaji chake. Modemu inakaa upande wa DSL. Ukiichomeka upande wa simu, taa itameta polepole hadi asubuhi, kwa sababu masafa yake yote yamezuiwa. Simu moja isiyo na kichujio inatosha kuangusha muunganisho kila inapoinuliwa.

Modemu imebaki karibu na soketi, na umbali wote hadi ruta umebebwa na Ethaneti. Kanuni ni hiyo: fupisha waya wa simu, refusha Ethaneti, ambayo inaruhusu hadi mita 100.

Siku ya 3: modemu kuwa daraja

Onyo kwanza. Plagi ndogo ya simu, RJ11, inaingia bila shida kwenye tundu la Ethaneti, RJ45. Kuingia si kufaa. Laini ya simu ina karibu volti 48 za DC, na inapoita hufika karibu 90 za AC. Tundu la WAN halikutengenezwa kwa hilo.

Mpangilio kwenye modemu: VPI/VCI na ufungashaji vibaki vilevile, aina ya muunganisho ibadilishwe kutoka PPPoE kuwa Bridge (daraja, yaani modemu ipitishe data tu), Wi-Fi izimwe, DHCP (kugawa anwani) izimwe. Kebo inatoka LAN 1 ya modemu kwenda WAN ya ruta.

Kabla ya kuunganisha, ruta ilihamishwa kutoka 192.168.1.1 kwenda 192.168.10.1. Modemu tayari ina 192.168.1.1, na ruta haitajua pa kupeleka pakiti ikiwa mtandao uleule uko pande zote mbili. Kisha kwenye ruta: WAN, PPPoE, jina, nenosiri. Baadhi ya kampuni hudai pia namba ya VLAN (lebo inayobandikwa kwenye data), hasa kwa VDSL2. Hii haikudai.

Mara ya kwanza ilikataa: taa ya DSL imara, jina na nenosiri sahihi, jibu ni kukataliwa. Sababu ni kikao cha zamani. Modemu ilizimwa kwa kung'oa umeme bila kuaga, na upande wa kampuni bado walihesabu kwamba iko ndani. Dakika 10 za kusubiri, ikaingia. Usiwashe na kuzima modemu kila dakika ukitafuta bahati, kwani mifumo mingi ya kampuni husoma kukatika kwingi kuwa laini mbovu, na yenyewe hushusha kasi.

Siku ya 4: kurasa zinazoganda

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinazunguka tu. Dalili hii ni ya MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. Pakiti ya Ethaneti ni baiti 1,500, PPPoE inachukua 8, zinabaki 1,492. Ruta ilikuwa imeachiwa 1,500. Kipimo kwenye Linux:

ping -M do -s 1464

ikifuatiwa na anwani ya nje. Kwa Windows ni ping -f -l 1464. Hiyo 1,464 ukijumlisha baiti 28 za vichwa inakuwa 1,492 kamili. Ikipita, na 1,465 ikakataa, namba ni sahihi. MTU imewekwa 1,492, na kikomo cha MSS (ukubwa wa data ndani ya pakiti) kimewashwa ili vifaa vya ndani visitume vipande vikubwa kuliko njia.

Siku ya 11

Kupakua 12.5, kupakia 1.0, CRC 3 kwa saa 24 zilizopita, laini haijakatika tangu siku ya 3.

Kilichobaki kilikuwa kuiona modemu kutoka upande wa ndani, kwa sababu ikiwa daraja ukurasa wake hujificha nyuma ya PPPoE. Tundu la WAN la ruta limepewa anwani ya pili, 192.168.1.2 yenye kinyago 255.255.255.0, kando ya ile ya PPPoE, na NAT, yaani kubadilisha anwani za ndani ziwe hiyo ya ruta, imeruhusiwa kutoka humo. Sasa 192.168.1.1 inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote ya nyumbani, na takwimu za laini zinasomeka bila kuchomoa kebo. Ruta ambazo hazina nafasi ya anwani ya pili kwenye WAN hazitaweza hili. Kwa hizo, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye LAN 2 ya modemu na uipe 192.168.1.5 kwa mkono.