Presha ya macho: ninavyoitunza kila usiku

Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Haukumuuma hata siku moja. Alianza kugonga fremu za milango kwa bega, akashindwa kuwaona watu waliokuja kwa upande, nasi tukasema ni uzee. Tulipomfikisha hospitali, neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo ilikuwa imekufa sehemu kubwa, na neva hiyo ikishakufa haifufuki. Mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji akaona tena. Mama hakupata nafasi hiyo.

Kwa hiyo nilipofika miaka 40 na maandishi yakaanza kunikimbia, sikuishia kununua miwani ya kusomea sokoni. Nilikwenda kliniki ya macho nikamwambia daktari waziwazi: mama amepofuka kwa presha ya macho, naomba unipime yote. Ugonjwa huu hutembea katika familia, na sisi watu wa asili ya Afrika hutuwahi mapema zaidi. Wakanipima presha ya ndani ya jicho, wakanitia dawa ya kupanua mboni ili waitazame neva, kisha wakanikalisha mbele ya mashine ya kupima upeo wa kuona. Unakaza jicho katikati, na kila kimwanga kikichomoza pembeni unabonyeza kitufe. Presha ya kawaida huwa kati ya 10 na 21. Yangu ilikuwa imepita hapo na neva imeanza kuguswa, ilhali nikivaa miwani nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila shida.

Nikaandikiwa matone ya kila usiku, maisha yote. Dawa hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki, na ugumu wake ni huo: unatumia bila kuona nafuu yoyote. Mimi nimeifunga kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ikianza tu, nanawa mikono, nalala chali, navuta kope la chini mpaka nafasi ifunguke, nadondosha tone moja. La pili huishia shavuni, na dawa ni ghali. Kisha nafumba jicho na kubonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, dawa isiteremke puani na kooni. Ncha ya chupa haigusi jicho wala kidole. Tarehe niliyoifungua naiandika kwenye boksi kwa kalamu, kwa sababu ikishafunguliwa yangu inatumika wiki 4 tu. Nikienda msibani au safari, chupa imo kwenye mkoba kabla ya khanga.

Majirani waliniletea majani ya kukamulia machoni. Niliwashukuru kwa moyo wao, lakini sikuyatia. Ninaogopa zaidi matone ya kuondoa wekundu ambayo watu hujinunulia bila cheti, maana mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, na hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho pia.

Presha yangu sasa imeshuka, na kipimo cha upeo wa kuona hakijabadilika. Kilichonichukua muda ni dada yangu mkubwa. Kila nikimgusia anasema, "Mdogo wangu, mimi naona vizuri."

"Dada, hata mama alikuwa anaona vizuri."

Alinyamaza, kisha akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Alikutwa na presha ya macho. Kwa kuwa ana pumu, nilimsisitiza aliseme hilo kabla hajaandikiwa chochote, kwani timolol, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huu, inaweza kubana kifua. Akapewa ya aina nyingine. Sasa ni zamu ya watoto wetu. Wa kwanza wangu anakuja likizo Desemba, na tumeshakubaliana kwamba tunapita kliniki kwanza ndipo twende shambani.