Jinsi nilivyopima tiba ya sauti kwa mlio wa masikio

Nilipolalamikia mlio wa masikioni mwangu, neno nililopewa na kila mtu ni "utazoea." Daktari wa kliniki moja alilitamka huku akimwita mgonjwa anayefuata. Ndugu zangu kule Bombo walilitamka kwa huruma. Wa kunieleza mtu anazoeaje sikumpata, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu namna ya kuzoea ipo, na mtu wa kipato changu anaweza kuijaribu nyumbani kwake na kuipima.

Mimi ni mtu wa mashine za kusaga mahindi, hapa Kisenyi, Kampala. Kelele ikifika desibeli 85, muda wa saa 8 kwa siku ndio mwisho wa usalama, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye mashine zetu mtu aliye hatua moja nawe lazima umpigie ukelele ndipo akusikie, basi fanya hesabu mwenyewe. Mlio wangu uko masikio yote mawili, mwembamba na mkali, na kwa miaka ulininyima usingizi.

Mafuta ya vitunguu niliyoshauriwa kudondoshea sikioni nayapita. Vidonge vya mti wa ginkgo vilivyoletwa kwangu kwa bei ya gunia la unga navyo nilivikataa: mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unasema ginkgo, melatonini na zinki visipendekezwe kwa tatizo hili.

Masikio yaangaliwe kwanza. Nta ikijaa inaweza kuleta mlio. Kwinini tuliyokuwa tukipewa kwa malaria huleta mlio, na sindano za gentamaisini huweza kuharibu sikio lenyewe, kwa hiyo mwambie daktari kila dawa uliyotumia. Mlio wa sikio moja tu, mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, au sikio lililoacha kusikia ghafla, hayo yote ni ya hospitali, na hilo la mwisho usilale nalo. Kwangu kipimo kilionyesha usikivu umeporomoka karibu na hezi 4,000 (hezi hupima kimo cha sauti, namba ikipanda sauti huwa nyembamba zaidi), mahali ambapo kelele za kazini huanzia kuharibu. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena, na watafiti wengi wanaamini kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka sehemu hiyo, hujiongezea nguvu ya kusikiliza mpaka unasikia kitu ambacho nje hakipo. Hayo nilielezwa na muuguzi mmoja mwenye subira, Mungu ambariki. Usiku ule nililala afadhali kabla sijagusa kifaa chochote, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuogopa kwamba kichwani kuna kitu kinapasuka.

Nilianza na muziki uliokatwa. Mwaka 2010 watafiti wa Münster, Ujerumani, walitangaza kwamba wagonjwa waliosikiliza muziki waupendao kwa mwaka mmoja, ukiwa umeondolewa sauti zenye kimo sawa na mlio wao, mlio ulipungua nguvu. Kundi lao lilikuwa dogo, lakini wazo lilinivutia, na mpwa wangu anajua kompyuta. Ilibidi kwanza tujue kimo cha mlio wangu. Tulipakua programu ya simu inayotoa sauti ya kimo chochote, tukangoja mtaa utulie, yeye akibadilisha namba, mimi nikisema "panda" au "shuka." Tukatua karibu na hezi 3,100. Kesho yake akarudi mbio: "Mjomba, nimesoma kwamba sikio huweza kuchanganya sauti na ile iliyo mara mbili yake. Tujaribu 6,200." Tukajaribu, na mwili ulinisisimka. Sauti ya simu na ya kichwani ziliingiana hata alipoizima simu nikadhani bado inalia. Kwa hiyo ukipata namba yako, usiiamini mpaka umejaribu pia nusu yake na maradufu yake.

Mpwa wangu akachukua taarabu na nyimbo zangu za Lingala, akazikata kwa Audacity, programu ya kompyuta ya bure, akiondoa oktavu nzima kuzunguka namba ile, yaani upana wa kutoka kimo kimoja hadi maradufu yake. Nilisikiliza kila jioni kwa miezi. Taarabu ilipoteza mng'aro wote wa juu. Kila asubuhi niliandika nguvu ya mlio, sifuri hadi kumi, na namba haikusogea. Huenda yuko atakayefaidika nayo, mimi niliifunga.

Muuza simu mmoja alinishauri niweke spika za masikioni nipandishe muziki mpaka mlio ufe. Ushauri huo ni wa kumkataza mtu kwa nguvu zote, maana kelele ndiyo iliyotufikisha hapa. Lakini ndani yake mlikuwa na chembe ya kweli, na chembe hiyo niliikuta kwenye maporomoko ya Sezibwa tulipokwenda matembezi na familia. Karibu na maji sikuusikia mlio kabisa, na tulipoondoka palibaki kimya kwa kitambo kabla haujarudi. Baadaye nikasoma kwamba miaka ya 1970 daktari mmoja mgonjwa wa mlio, Charles Unice, alipata jambo hilohilo kwenye chemchemi ya mji wa Portland, Marekani, akiwa na mtafiti Jack Vernon, na kutokana na hapo Vernon akashughulikia vifaa vya sikioni vya kuufunika mlio. Kisha akaja mtafiti Pawel Jastreboff, ambaye nadharia yake ilichapishwa mwaka 1990, akafundisha kinyume kidogo: usiufunike. Ubongo hauwezi kuzoea kitu usichokisikia. Weka sauti ya nje chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike, na uache hivyo kwa miezi mingi.

Vifaa vya kuvaa sikioni bei yake ilikuwa milioni kadhaa za shilingi. Nikaenda kwa fundi wa redio.

Nilitaka ule mchakato, yaani ile sauti ya "shhh" ya redio isiyo kwenye stesheni, nao haupatikani kirahisi kama mtu anavyofikiri. Redio za kisasa za namba hujinyamazisha zenyewe zikikosa stesheni. Lazima upate ya zamani, ya mshale. Nilipoipata, tatizo likawa Kampala yenyewe: FM imejaa, kila ukisogeza mshale unakutana na mtu anatangaza sabuni. Nikahamia mawimbi mafupi, mchakato ukawa mzuri mpaka usiku wa manane, ambapo mhubiri wa nchi nyingine aliingia polepole, akaondoka, akarudi na kwaya. Mke wangu alivumilia, kisha akasema, "Baba, huyu mgeni leo asilale humu." Nikarudi FM, nikakunja eriali yote ndani, nikaiweka redio sakafuni nyuma ya kabati la chuma. Stesheni zikafifia, na katikati ya mbili kati yake pakabaki mchakato mtupu, safi. Hapohapo nikamwita mpwa wangu aurekodi kwa saa nzima na kuutia kwenye memori kadi, ujirudie wenyewe. Tangu hapo natumia spika ndogo ya kuchaji, hata umeme ukikatika inaendelea. Juu yake naweka foronya iliyokunjwa, maana mchakato ukiwa mkali unachosha.

Sauti pima ukiwa umelala, kichwa mahali pake. Pandisha taratibu mpaka uone mlio unaanza kuchanganyika na mchakato huku ukiutambua bado, kisha simama. Spika yangu ina kitufe cha kuzungusha, na mahali pale niliweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Watoto wakiichezea mchana, usiku nairudisha gizani kwa kidole, kwa sababu rangi imeacha kinundu.

Sasa kupima, ambako watu wengi hawafanyi. Nguvu ya mlio haishuki haraka, na ukipima hiyo tu utakata tamaa. Kinachopimwa ni usumbufu. Kuna orodha ya maswali 25 iliyotungwa na mtafiti Newman na wenzake mwaka 1996: ndiyo ni 4, wakati mwingine ni 2, hapana ni 0, jumla 100. Tuliyaweka kwa Kiswahili, nikajaza kabla ya kuanza: sitini na kitu, kiwango cha ukali. Nikawa napokezana, majuma kadhaa na mchakato, majuma kadhaa bila, nikiandika usingizi kila asubuhi. Majuma ya bila yalijionyesha daftarini: nilichelewa kulala na niliamka mara nyingi zaidi. Baada ya miezi alama ilikuwa thelathini na kitu. Watunzi wa maswali walisema tofauti ya pointi 20 ndiyo ya kuamini, na mimi nimeivuka.

Mlio wenyewe? Upo, nikiutafuta naupata. Na mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 8 zenye watu 590, hayakupata ushahidi kwamba sauti pekee inashinda kungoja tu. Naiheshimu kauli hiyo. Sehemu ya pointi zangu nampa yule muuguzi, kwa sababu ushahidi ulio imara zaidi uko upande wa ushauri nasaha wa kubadili fikra na tabia. Lakini usingizi wa majuma yale ya kupokezana nimeuandika kwa mkono wangu.

Kazini sasa navaa vizibo, na nyumbani sivai, maana kuzuia kila sauti kutwa nzima huufanya mlio usimame peke yake. Kijana mmoja wa mashine ya pili ameanza kulalamika kwamba kichwa kinalia usiku. Nimempeleka akapimwe kusikia, nimempa maswali 25 na nakala ya memori kadi. Spika nimemwambia asiiwashe mpaka aniletee alama yake ya kuanzia.