Siku moja maishani mwangu: kuandika data za matatu za Nairobi kwa kanuni moja

Saa 11:30 alfajiri, Githurai

Niko kando ya Thika Road na simu mkononi. Kila gari la kwenda mjini likijaa na kuondoka, nabonyeza. Naratibu kamati ndogo inayotunga kanuni za pamoja za data za matatu: sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, ziandike vipi ruti zao, kaunti iandike vipi steji, na wanaounda programu za simu wasome nini. Kazi yenyewe ni ya mezani kwa sehemu kubwa, lakini muda wa kusubiri gari haupatikani mezani. Saa hizi magari yanafuatana. Ikifika saa nne asubuhi, gari lilelile litakaa steji hadi kiti cha mwisho kipate mtu.

Ndiyo maana muundo tunaoutumia kuandika data za usafiri, GTFS (General Transit Feed Specification), tumelazimika kuuzoea taratibu. Ulianza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri wa umma la Portland, Marekani. Ni faili za maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma: moja ya vituo, moja ya ruti, moja ya safari, moja ya saa za kufika na kuondoka. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzifungua na kuzirekebisha, na hiyo ndiyo sababu kubwa miji mingi duniani imeukubali. Ila ulibuniwa kwa basi lenye ratiba, linaloondoka saa 1:07 hata kama halina abiria. Matatu haingoji saa, inangoja abiria.

Waliotutangulia walipata njia. Mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ya Groupshot, ulipeleka wanafunzi ndani ya matatu na simu zao, wakarekodi ruti zaidi ya 130. Ramani ilitoka 2014, na mwaka uliofuata ruti hizo zikaingia Google Maps. Badala ya ratiba, GTFS ina jedwali la vipindi: kuanzia saa fulani hadi saa fulani, gari hupita kila baada ya sekunde kadhaa. Namba ninazobonyeza asubuhi hii zinakwenda kwenye jedwali hilo.

Lakini ruti hubadilika, na ramani isiyo na wenyewe huchakaa. Mimi naamini kwa dhati kwamba data hizi zitaishi iwapo tu watu wa steji wana sauti katika kanuni zake.

Saa 1:15 asubuhi, ndani ya gari

Manyunyu yameanza. Makanga, kondakta wa gari, anatangaza sh 80 mahali ambapo jana nililipa 50. Mama mmoja mbele yangu anamwambia, "Kijana wangu, hii si mvua." Anajibiwa kwa heshima, lakini nauli haishuki. Naandika nauli zote mbili.

Saa 3:00 asubuhi, ofisini

Napitisha faili kwenye kikaguzi, programu inayosoma kila mstari na kutaja kasoro. Nyingi ni ndogo: safari inayofika kabla ya kuondoka, ruti isiyo na jina. Moja inahitaji kufikiriwa. Kuna vituo viwili vyenye jina moja, Allsops, kwenye Thika Road, vilivyoandikwa kama kimoja. Kuna upande wa kwenda mjini na upande wa kutoka, na katikati yake barabara pana ambayo hakuna anayepaswa kuivuka mbio. Programu ikimwonyesha abiria nukta moja tu, inaweza kumsimamisha upande usiofaa. Kanuni yetu inasema kila upande uwe na kitambulisho chake.

Tulibishana sana juu ya vitambulisho hivi. Wengine walitaka vianze na herufi za sacco. Tulikataa, kwa sababu sacco huungana, hugawanyika, huhama ruti. Wengine walitaka jina la steji liwe ndani ya kitambulisho. Hilo pia tulilikataa. Kitambulisho ni namba isiyosema lolote na haibadiliki; jina linakaa kwenye safu yake, na linaloandikwa kwanza ni lile ambalo abiria humtajia makanga anapotaka kushuka. Kiwanda cha bia kilichoipa Allsops jina kilikwisha zamani, lakini ukimwambia makanga jina lingine hatakuelewa. Hata mitaa imebeba namba za ruti: Githurai 44 na Githurai 45 ni mahali ambapo watu wanazaliwa na kuzeekea.

Saa 5:40 asubuhi

Simu kutoka kwa mwanafunzi aliye Rongai. Gari la 125 limepita njia ya ndani kwa sababu ya foleni. Anauliza kama hiyo ni ruti mpya. Namwambia aulize madereva watatu. Wakisema hupita huko kila siku, tutaiandika kama tawi la ruti. Ikiwa ni leo tu, tuiache.

Saa 8:00 mchana, mkutano

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wamekuja makatibu wa sacco, ofisa wa kaunti, wanafunzi, kijana anayeunda programu, mzee mwenyekiti wa steji, na dada anayetumia kiti cha magurudumu anayewakilisha abiria wenye ulemavu.

Hoja ya kwanza ni hofu ya sacco. Katibu mmoja anasema waziwazi: "Mkishajua magari yangu hupita kila baada ya dakika ngapi, kesho mtu atapiga hesabu ya mapato yangu." Ni hofu ya haki. Tunakubaliana kwamba vipindi vitaandikwa kwa ruti, si kwa sacco, na kwamba namba za magari, idadi ya abiria na mapato havitakuwa na safu kabisa. Kisichokuwa na safu hakiwezi kuvuja.

Hoja ya pili ni kura. GTFS yenyewe huendeshwa hadharani: yeyote anaweza kupendekeza badiliko, hujadiliwa mbele ya wote, na kwa miaka mingi kura moja ya kukataa ilitosha kulizuia. Badiliko halipiti mpaka anayetoa data na anayezisoma wamelijaribu kwa kazi halisi. Hilo la kujaribu tumelichukua kama lilivyo. Kura ndiyo iliyotugawanya. Sacco kubwa zinataka kura zilingane na idadi ya magari. "Mwenye magari 200 na mwenye 30 hawawezi kuwa sawa, Bwana Mwenyekiti."

Mzee wa steji akaomba nafasi. "Steji ni moja. Gari liwe la nani, abiria anasimama palepale, na mimi ndiye ninayeulizwa likichelewa."

Tulikaa juu ya jambo hilo karibu saa nzima. Mwishowe: kila sacco kura moja, wenyeviti wa steji wana kura yao, abiria wana yao, kaunti moja. Na pendekezo linalogusa ruti fulani halipigiwi kura mpaka sacco zote za ruti hiyo zimesikilizwa. Sacco kubwa hazikufurahi, lakini zilitia sahihi. Nimeiona kuwa hatua kubwa kuliko faili lolote tuliloandika.

Kisha dada yetu akaleta hoja ya safu ya viti vya magurudumu. Katika GTFS, 1 ina maana inawezekana kupanda, 2 haiwezekani, na 0 hakuna taarifa. Karibu safu yetu yote ni 0. "Programu ikificha sifuri hiyo," alisema, "mimi nitafika kituoni nikidhani nitapanda." Kijana wa programu aliandika hapo hapo: sifuri itaonyeshwa kwa maneno, "haijakaguliwa".

Saa 11:00 jioni

Tumebaki na wanafunzi kuzungumzia kushuka popote. Mwaka 2020 GTFS iliongeza safu za kueleza kwamba gari hupakia na kushusha hata katikati ya vituo. Zinatufaa sana, ila haziwezi kuwekwa ruti nzima: kwenye barabara kuu ni stejini tu, mitaani ni popote. Tutaziandika kipande kwa kipande.

Saa 1:30 usiku

Naandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili, ili mwenyekiti wa steji azisome mwenyewe, na pendekezo jipya juu ya nauli. Tumezoea kuandika kiasi kimoja kwa kila ruti, nasi tuna mvua, mwisho wa mwezi na siku ya kufungua shule. Napendekeza viwango viwili, cha chini na cha juu, kwa asubuhi, mchana na jioni, vitolewe na sacco na kuthibitishwa na abiria. Makanga wa 44 na 45 ndio wa kwanza kujaribu. Wakisema viwango hivyo si vya kweli, pendekezo linarudi mezani.