Jinsi Ninavyonunua na Kusikiliza Muziki kwa Linux Hapa Lubumbashi

Mpenzi wa muziki anayeishi Lubumbashi anajua kwamba kinachomgharimu mtandaoni si wimbo wenyewe tu, bali ni mega, yaani data ya intaneti, anazonunua ili wimbo huo umfikie. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde una uzito wa karibu megabaiti 10. Anayeusikiliza mtandaoni kila siku bila kuuhifadhi huulipia upya kila siku, na siku mega zinapokwisha, wimbo nao unanyamaza. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nitafute njia ya kununua faili zenyewe, nizihifadhi kwenye diski yangu na kuzisikiliza hata pasipo mtandao. Nilitaka pia njia hiyo ifae kompyuta niliyo nayo, ambayo ni ya mtumba, yenye kumbukumbu ndogo, na inayoendeshwa na Linux Mint, mfumo endeshi huria wa kompyuta, katika toleo lake jepesi la Xfce.

Watu kadhaa waliniambia kwamba Linux haifai kwa muziki wa kununua. Zamani maneno hayo yalikuwa na msingi. Apple ilipofungua duka la iTunes mwaka 2003, nyimbo ziliuzwa zikiwa na kufuli ya kidijitali, na programu ya kuzifungua ilitengenezwa kwa Mac na Windows, lakini haikutengenezwa kwa Linux. Kufuli hiyo iliondolewa kwenye nyimbo mwaka 2009. MP3 haikuwa na kufuli, lakini ilikuwa chini ya hataza, yaani haki za kisheria za waliouvumbua muundo huo, kwa hiyo baadhi ya mifumo huria, Fedora ikiwa mmojawapo, haikuweka kodeki yake, yaani programu ya kuisoma, kwa kuhofia sheria; hali hiyo ilikwisha mwaka 2017, hataza zilipomaliza muda wake na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ikafunga mpango wake wa leseni. Mbali na MP3, kuna miundo iliyokuwa huru tangu ilipoanzishwa: FLAC, ambayo hubana sauti bila kupoteza chochote, Ogg Vorbis, na Opus iliyosanifishwa mwaka 2012. Kwa hiyo leo swali si kama Linux itaweza kucheza muziki, bali ni duka gani litakuuzia faili isiyo na kufuli na kukubali malipo yako.

Mimi nilichagua Bandcamp, duka la Marekani lililoanza mwaka 2008. Halikudai nisakinishe programu yoyote, kwa sababu kila kitu hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox inatosha. Kabla ya kununua, mtu anaweza kusikiliza nyimbo kwenye ukurasa wa msanii, na akishalipa huchagua mwenyewe muundo anaoutaka: MP3, FLAC, Ogg Vorbis, WAV na mingineyo. Bei huwekwa na msanii, na mara nyingine mnunuzi huruhusiwa kuongeza apendavyo. Kwa kawaida duka hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili, na baada ya ada za malipo kinachobaki huenda kwa msanii au kampuni yake ya muziki. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwangu, kwa maana nimekulia katika mji ambao wapiga gitaa wake walisikika mbali sana tangu miaka ya 1950 huku wengi wao wakipata kidogo mno kutokana na kazi yao.

Malipo ndiyo yaliyonihitaji uvumilivu. Pesa tunayoitumia kila siku kwenye simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, haikuwamo katika njia za kulipia nilizoonyeshwa, kwa hiyo nilihitaji kadi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ni mhasibu, alinishauri nichukue kadi ya Visa ya kujazwa kabla, inayotumia dola, badala ya kutumia kadi ya akaunti yangu ya mshahara. Aliniambia, «Mdogo wangu, pesa ya nyumba usiipeleke mtandaoni. Jaza kiasi cha kununua tu, basi.» Nilimshukuru, nikafuata maneno yake. Benki ilichelewa kuifungulia kadi hiyo malipo ya mtandaoni, nami ilinibidi kurudi dirishani kuuliza hadi jambo hilo lilipokamilika. Anayetaka kupita njia hii ahakikishe kwanza mambo mawili: kwamba kadi imeruhusiwa kulipa nje ya nchi, na kwamba namba ya simu iliyoandikishwa benki ndiyo ile anayoitumia, kwani msimbo wa kuthibitisha malipo hutumwa huko. Kwa kuwa benki yangu hukata ada kwa kila malipo, nimeona ni afadhali kununua albamu nzima kwa mara moja kuliko wimbo mmoja mmoja.

Kupakua kuna adabu yake katika mji ambao umeme hukatika. Albamu ya FLAC yenye ubora wa CD inaweza kufika megabaiti 300 au zaidi, kwa hiyo huipakua usiku, wakati mtandao umetulia na ninapoweza kupata mega kwa bei nafuu. Baada ya kuifungua faili ya zip, huendesha amri ya flac -t kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Amri hii ningependa kila mpenzi wa muziki aijue: ndani ya kila faili ya FLAC kwa kawaida kuna alama ya MD5 ya sauti asilia, na amri hiyo hufungua sauti yote na kuilinganisha na alama hiyo, kisha hukuambia kama faili ni nzima au imeharibika. Sina haja ya kusikiliza saa nzima nikitafuta mkwaruzo.

Katika kusikiliza, nilijaribu Rhythmbox na VLC, zote zikafanya kazi vizuri, lakini nimetulia na Strawberry, programu huria iliyotokana na Clementine, kwa sababu hupanga maktaba kwa msanii na albamu bila kuilemea mashine. Majina ya nyimbo huyasahihisha kwa MusicBrainz Picard, ambayo huweza kuutambua wimbo kwa sauti yake na kuujazia lebo, yaani maelezo ya msanii, wimbo na albamu yanayokaa ndani ya faili. Kwa muziki wa zamani wa Katanga, Picard imenisaidia kidogo tu; nyingi ya faili zangu hazikutambuliwa, nikaandika majina kwa mkono, nikiwauliza wazee wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, nani alipiga gitaa na nani aliimba. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, nami niliipenda kuliko nyingine zote.

FLAC nimeiacha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje niliyoiweka kwa yaya. Kwa ajili ya simu hutumia ffmpeg, programu ya kugeuza miundo ya sauti, kuzigeuza faili kuwa Opus ya kilobiti 96 kwa sekunde, ambapo wimbo wa dakika 4 hupungua hadi chini kidogo ya megabaiti 3, na kwa spika zangu ndogo za masikioni sioni tofauti. Radio ya gari la baba haisomi Opus wala FLAC, basi yeye namwekea MP3 kwenye flashi. Kugeuza huku huanzia kwenye FLAC kila mara, kwa kuwa kuigeuza MP3 kuwa muundo mwingine unaopoteza sauti huongeza hasara juu ya hasara.

Wanamuziki wengi ninaowafahamu mjini hawauzi faili zao dukani. Bandcamp huwalipa wauzaji kupitia PayPal, kwa hiyo msanii hana budi kwanza kupata akaunti ya PayPal inayoweza kupokea fedha, na si kila mtu anayo. Kwa hao nimeweka utaratibu mwingine: namwomba mpiga gitaa faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kutoka studio aliyorekodia, namlipa kwa M-Pesa bei anayoitaja mwenyewe, kisha nazibana kuwa FLAC, naweka lebo zenye jina lake na majina ya wenzake wote waliopiga, na kumrudishia nakala kwenye flashi. Wawili kati yao sasa huwapa wateja wengine faili hizo hizo, kwa bei yao.